Shemeji anasema nasoma juu juu

Shikamoo Shangazi, nakusoma kila wiki na leo zamu yangu imefika.

Mimi naishi Kimara, nina watoto wawili, nauza duka la vitambaa Kariakoo. Jambo langu wapo watakaoliona dogo ila limeniharibia raha niliyokuwa nayo, kwa hiyo naomba unisomee tu mpaka mwisho.

Toka nimalize fomu foo sikuwahi kushika kitabu nikakimaliza. Sasa mwaka huu simu yangu ilidondoka ikapasuka kioo, fundi akakaa nayo karibu wiki mbili, na mimi huwa napandia mwendokasi Kimara Mwisho, nikiwahi napata siti, sasa bila simu unakaa mpaka Gerezani unatazama migongo ya watu. Jioni moja nikapita kwa mzee anayepanga vitabu vya mtumba chini, nikaona kimoja jalada limebandikwa selotepu, elfu tatu, nikachukua. Ndo hicho Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohammed Said Abdulla. Shangazi! Mtu kauawa, maiti imekutwa pale penye mzimu, watu wanatetemeka, af kuna huyu Bwana Msa yeye wala hana haraka, anavuta kiko chake, anauliza vitu unaona kabisa havina maana kumbe vina maana. Asubuhi moja nainua macho tuko Jangwani, Manzese sijui tumepita saa ngapi. Dukani nikawa nawasumbua wenzangu, ungekuwa wewe ungemshuku nani, na mimi nilikuwa nina mtu wangu nimeshamkamata kichwani nikaapa ni yeye, na sio yeye. Nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka dada wa pembeni akaniuliza kuna nini, nikamsimulia mpaka tukafika Fire.

Simu iliporudi ikawa inakaa kwenye pochi tu. Nikaingia Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yule Yasmin kaozwa ana miaka 15 kwa mzee wa miaka 52, nilikasirika hadi nikashindwa kula vizuri mchana. Lakini niliyempenda mimi ni Mwajuma, yule shoga yake wa Ng'ambo, mtaa wa huko Unguja. Ndugu wamemfukuza mtoto wa watu, Mwajuma na umaskini wake wote anasema ingia, lala hapa. Nilimpigia simu rafiki yangu ambaye tulikuwa hatujaongea toka mwaka jana, nikamwambia tu nimekukumbuka.

Kisha Siku Njema ya Ken Walibora, huyo kijana anaitwa Kongowea Mswahili, katokea Tanga, mama yake alikuwa mwimbaji wa taarabu akafariki, naye anavuka kwenda Kenya kumtafuta baba ambaye hajawahi kumwona. Na cha mwisho Peponi, cha yule Mzanzibari Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobel, kimetafsiriwa kwa Kiswahili. Hicho Shangazi nimekipenda kwa sababu ya duka. Yusuf ana miaka 12 anapelekwa kukaa dukani kwa tajiri kwa sababu baba yake anadaiwa, af anakutana na Khalil anamfundisha kazi. Mimi nimeanza kuuza duka nina miaka 19, niliwekwa chini ya dada mmoja mkali vile vile, mdomo kama Khalil, lakini ndo aliyenifunza kupima mita bila kumpunja mtu na kumjua mteja wa kweli na wa kupoteza muda. Nimesoma zile sehemu za dukani mara mbili mbili.

Sasa tatizo. Kila nikimaliza kipande nilikuwa natuma voisi kwenye grupu la familia. Natuma kwa ajili ya mama yangu hasa, yupo Tanga, Makorora, macho yana mtoto wa jicho, kusoma hawezi tena, basi mjukuu anamwekea simu sikioni. Lakini humo grupuni yupo shemeji yangu, kaka wa mume wangu, ni mwalimu wa fasihi sekondari, mtu namheshimu sana. Ya kwanza akasema sawa ila riwaya za upelelezi ni za kupitishia muda. Ya Mwajuma akaandika, nanukuu, "hayo ni maoni ya mtaani, dhamira kuu pale ni ukoloni na matabaka, soma tena ukiwa na kalamu." Ya Peponi akasema hiyo ni tafsiri, ukitaka uhondo wake halisi soma Kiingereza, na kwamba duka sio kitu humo. Akamalizia, shem unasoma juu juu. Watu wakaweka vile vikatuni vya kucheka. Nafikiri hawakuwa na nia mbaya ila nilisikia joto usoni, nikafuta ile voisi ambayo nilikuwa nimeshaanza kuirekodi.

Baadaye akanipa Nagona ya Kezilahabi, akaniambia anza na hiki ndo utajua kusoma. Nimefika ukurasa wa tisa mara tatu. Nakifungua kwenye basi, nakifunga, natoa simu. Nimerudi kule kule nilikotoka.

Mume wangu anasema achana nao, soma wewe. Lakini Shangazi, ni kweli nasoma vibaya? Nianze kwanza kujifunza fani na maudhui ndo nirudi kwenye vitabu? Juzi mama kanipigia, kaniambia, mbona umeniacha njiani, yule mtoto kamwona babake au hakumwona? Sikujua nimjibu nini, nikasema mama nina kazi nyingi.

Ni mimi wa siti ya dirishani, Kimara

---

Marahaba mwanangu.

Nianze na hilo la mwisho maana lina haraka. Leo hii, kabla hujapika, kabla hujamjibu shemeji wala mtu mwingine yeyote, mtumie mama voisi ummalizie Siku Njema. Mtu mzima yuko Makorora anakaa na mtoto wa mwenzie kichwani hajui kafika au kapotea, na ni wewe umemwacha hapo. Isiende grupuni, mtumie kwenye namba ya yule mjukuu. Ukishatuma ndo urudi hapa tuendelee.

Umetuma? Haya.

Husomi vibaya. Nimeirudia barua yako na nimeona mtu aliyekasirika kwa niaba ya Yasmin mpaka akashindwa kula, akampigia simu rafiki wa mwaka jana kwa sababu ya Mwajuma, akasimulia kesi ya Bwana Msa kwa dada asiyemjua mpaka Fire. Sasa niambie huyo kasoma juu juu wapi? Kitabu kimemshika mpaka mkono umechukua simu! Wapo watu wanaweza kukuandikia kurasa kumi za dhamira na hawajawahi kumpigia mtu simu kwa ajili ya kitabu.

Nadhani shida imeanzia darasani, na simlaumu mwalimu yeyote. Tulisoma riwaya ili tujibu maswali. Mhusika mkuu ni nani, taja sifa zake, jina la kitabu linasadifu vipi yaliyomo. Ni kazi nzuri, inafundisha jicho kuona mambo yaliyojificha, na shemeji yako akikwambia kuna ukoloni ndani ya Vuta N'kuvute hakudanganyi, Denge, yule kijana mpigania uhuru, na wenzake wanahangaishwa na serikali ya Mwingereza kitabu kizima. Ila wengi tuliondoka shule tukiamini kitabu ni karatasi ya mtihani, na ukishamaliza mtihani unakirudisha kabatini. Wewe umekitoa kabatini baada ya miaka yote hiyo, kwa hiari yako, kwa elfu tatu yako. Hilo lilinifurahisha nikalisoma mara mbili.

Nikusimulie kitu. Mimi nimekulia Pangani, na marehemu babu alisoma herufi za Kiarabu tu, hizi za Kizungu hakuzijua. Mjomba alirudi likizo na Kisima cha Giningi, ni cha huyo huyo Bwana Msa wako, kilitoka 1968, akawa anatusomea ukumbini baada ya isha, koroboi limewekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa ili mwanga ufike kwenye ukurasa. Babu alikuwa anagombana na kitabu. Mtu akisema neno humo ndani babu anasema "muongo huyo!" na mjomba anasubiri amalize ndo anaendelea. Wakati mwingine anainua kidole, hapo, rudi nyuma kidogo, alisema alifika saa ngapi? Babu hakujua fani wala maudhui, lakini saa ya mtu kufika aliishika. Nilikuwa mdogo, nakumbuka harufu ya mafuta ya taa na lile tumbaku lake, na nakumbuka usiku mjomba aliposema kimebaki kidogo tutamalizia kesho, hakuna aliyelala vizuri.

Kwa hiyo hizo riwaya za upelelezi za kupitishia muda, mimi naomba tuziheshimu. Mohammed Said Abdulla alikuwa bwana afya Zanzibar kabla hajaingia kwenye uandishi wa habari, na huo Mzimu wake ulishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 ndo ukachapwa 1960. Wasomi wanasema Bwana Msa kamrithi Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza, na kiko kile kweli kinafanana, sibishi. Lakini sikiliza Kiswahili kinachotoka humo, na watu wanavyozungumza, hapo uko Unguja. Na mtu aliyekufanya usione Manzese inapita amefanya kazi ngumu sana, wapo waandishi wakubwa wanaililia hiyo. Vipo vingine mpaka Kosa la Bwana Msa cha 1984, ukipitia kwa mzee wa vitabu vya chini mwambie akuwekee.

Kuhusu Mwajuma hapo nasimama na wewe moja kwa moja. Shemeji ana ukoloni wake na matabaka yake, sawa, lakini hebu mtoe Mwajuma humo ndani uone kinabaki nini. Yasmin anafukuzwa na ndugu, analala wapi? Chumba cha Mwajuma ndo kimeibeba hadithi. Na hayo matabaka anayoyasema mwalimu wewe umeshayaona, ila umeyaona kwa mlango wa huyo Mwajuma, binti wa Kihindi anapokelewa na Mswahili maskini wa Ng'ambo wakati damu yake imemkataa, hiyo ni nini kama sio matabaka? Mnazungumza kitu kimoja nyie, yeye kakipa jina la darasani na wewe umekipa jina la mtu.

Sasa Peponi, nikae hapo kidogo maana umenigusa. Kwanza hilo la tafsiri. Gurnah kazaliwa Zanzibar 1948, kakulia kwenye Kiswahili, kitabu kaandika Kiingereza kikatoka 1994, Nobel kapata 2021, na mwaka uliofuata ndo Ida Hadjivayanis akatuletea hicho ulichosoma, na ni kitabu cha kwanza cha Gurnah kupata Kiswahili. Ida ni Mzanzibari, anafundisha Kiswahili chuo cha SOAS London. Watu waliomo humo, tajiri Aziz, Khalil, Yusuf, wengi wao maishani wasingeongea Kiingereza hata neno moja. Mimi nilisoma cha Kiingereza kwanza na baadaye cha Kiswahili na nilipofika pale Khalil anamkataza Yusuf asimwite yule tajiri ami yake, amwite Seyyid, nilihisi kama redio iliyokuwa na mikwaruzo imekamata stesheni. Anayetaka Kiingereza asome Kiingereza, ni kizuri sana, lakini asikwambie ulichosoma wewe ni nakala.

Na duka. Mwanangu, nani kasema duka sio kitu? Kule dukani kwenu si mna daftari la mkopo? Unalijua vizuri kuliko mimi, unajua jina likikaa humo mwezi wa tatu mwenyewe anaanza kupita upande wa pili wa barabara. Sasa fikiria daftari ambalo mtu akishindwa kulipa anamtoa mtoto wake. Yusuf alikuwa anamfurahia huyo tajiri Aziz alipokuja kwao, kila akiondoka anamwachia sarafu, mtoto anasubiri sarafu yake, hajui kwamba kuna hesabu nyingine kubwa inaandikwa. Na Khalil mkali yule, unakumbuka naye alifikaje pale? Kwa deni la baba yake vile vile. Yaani anayemfundisha mwenzie kupima na kufungasha ni rehani mwenyewe. Mtu aliyekaa nyuma ya kaunta toka ana miaka 19 anaielewa hiyo kwa mikono yake. Ukimwambia shemeji hilo la daftari nakuhakikishia atanyamaza kidogo, na akirudi darasani atalitumia.

Na huyo shemeji, usigombane naye na wala usitoke grupuni. Ninavyomwona ni mtu mwenye mapenzi na vitabu aliyezoea kusahihisha, mwaka mzima anashika kalamu nyekundu, ikifika jioni mkono bado unaitafuta kazi. Alikosea kukusahihisha mbele ya watu, tena mbele ya mama yako, na hilo anapaswa kulijua. Mpigie simu, usimwandikie, maandishi yana ukali hata kama huutaki. Mwambie "shem, ile siku uliniambia nasoma juu juu niliona aibu, mama alikuwa anasikiliza, toka siku hiyo nimeacha kabisa." Usiongeze neno. Mwache aseme. Kisha muulize swali moja, kitabu gani aliwahi kukisoma bila kukifundisha, kwa raha zake tu, na kilimshika wapi. Nina hakika kipo, hakuna anayechagua kufundisha fasihi bila kuwa na kitabu kilichomlaza macho akiwa kijana. Akikitaja, muombe akuazime. Usisahau kwenye ukoo wenu wote yeye ndo mwenye kabati la vitabu, hiyo ni neema kubwa ukikaa naye vizuri.

Nagona mrudishie, kwa asante. Ni kitabu kifupi lakini mwaka 1990 kilipotoka kiliwasumbua hata wenye digrii zao, Kezilahabi aliacha makusudi njia ya hadithi tuliyoizoea, na sioni kwa nini kigeuzwe lango la kuingilia. Huenda siku moja ukakitaka mwenyewe. Ukitaka kumjua Kezilahabi anza na Rosa Mistika cha 1971, binti wa Ukerewe na baba mkali, Zakaria, anayempiga mtoto kwa sababu ya barua ya mvulana. Kuna wakati kilikatazwa mashuleni kabla hakijaja kufundishwa. Ni kizito, kina huzuni, na wewe una watoto, kisome mchana sio usiku, na kwa mama usikisimulie chote.

Kwa mama nina kitu kingine. Hilo la fani na maudhui liache mpaka siku ukilitaka mwenyewe, ila hili usiliache. Umesema anamuulizia Kongowea, na nina mawazo kwamba ni ile Tanga na ile taarabu ya marehemu mama yake ndo vimemkamata. Basi mtafutie Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert. Shaaban Robert ni mtu wa kwenu huko, kazaliwa Vibambani mwaka 1909, mama atakuwa amelisikia jina lake toka utoto. Na Siti ni yule mwimbaji wa taarabu wa Fumba, Unguja, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za Kiswahili. Sio kitabu kirefu. Msomee mwenyewe, usimsimulie, dakika kumi kumi kwa voisi, Jumapili mkishakula, maana Kiswahili cha Shaaban Robert kinataka sikio na yeye sikio analo. Ikibidi jifungie chumbani watoto wasikupigie kelele.

Na ukifika kwenye habari za Siti enzi zile anauza vyungu, anazunguka navyo akinadi na sauti yake inasikika kabla hajafika, hapo simamisha voisi, umpigie kabisa, umuache mama aimbe anazozikumbuka.

Shangazi yako